Swali Nililoligeuza

Mwaka 1956 nilikuwa karani katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, upande wa kwenda Kalimoni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka kwetu magharibi na cheti cha shule ya misheni, mke, na mtoto wa kunyonya, nikapewa chumba cha mawe na meza ya karani mwingine aliyekamatwa miaka miwili kabla yangu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa wino chini ya ubao wa meza ile, mahali ambapo huwezi kuliona mpaka uiname kuokota kalamu. Sikulifuta, lakini pia sikumwuliza mtu yeyote habari zake. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, Serikali ikipigana na watu wa msituni, na sisi tuliotoka mbali tulijifunza mapema kutouliza.

Kazi yangu ilikuwa kuita majina asubuhi, kuandika barua za meneja, na kutafsiri. Meneja alikuwa Mwingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu: lete, toka, upesi. Jambo likizidi maneno matatu aliniita mimi. Nilisimama kando ya kiti chake nikiwa nimechomekea shati, na nikaona kwamba nimekuwa mtu.

Katika majina niliyoita kulikuwa na mwanamke mmoja aliyewaongoza wachumaji wanawake. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mrefu, mtu wa maneno machache. Wote tulimwita Mama. Mumewe alikuwa kizuizini, na yeye na majirani zake walikuwa wamehamishwa kutoka makwao wakawekwa katika kijiji kilichozungushiwa mtaro na vigingi vilivyochongwa, chenye lango moja lililolindwa na homugadi, askari wa Kiafrika wa upande wa Serikali. Kila asubuhi alitoka langoni na wanawake wake, wakiwa na vikapu. Akimkuta mmoja amechuma kahawa mbichi hakupiga kelele. Aliichukua ile punje ya kijani, akamwekea mwenyewe kiganjani, akangoja aiangalie.

Mtoto wetu alipokataa kunyonya siku tatu mfululizo, mke wangu, ambaye hakuwa na mama wala shangazi karibu, alikwenda kumlilia yeye. Mama akaja saa ya chakula, akamshika mtoto, akamwonyesha mke wangu jinsi ya kumlaza na jinsi ya kukanda ziwa kwa maji ya moto. Jioni mtoto akanyonya. Nayasema haya ili ijulikane kwamba niliyemtendea nitakayoyasimulia hakuwa mgeni kwangu.

Katikati ya mwaka huo alikuja bwana mmoja kutoka Australia. Serikali ilikuwa imemwajiri kuzunguka katika mashamba na viwanda vya Thika akiwafundisha watu wazima namna nchi zinavyotawaliwa, kwa sababu mwaka uliofuata Waafrika wangechagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi. Neno bunge lilikuwa bado halijafika kwetu. Tulisema baraza tu, na kwa wengi wetu baraza lilikuwa mahali unapoitwa kusimama juani na kuambiwa.

Alikuwa mtu mcheshi, shingo nyekundu, kaptura pana, na ubao mweusi wa kukunja ambao aliubeba mwenyewe begani. Alinisikia nikitafsiri ofisini, akapenda Kiingereza changu. Tulipotoka nje akaniambia kwamba ofisi ya Serikali ya Thika ilikuwa inatafuta mkalimani, na kwamba nikimtafsiria vizuri Jumamosi angeniandikia barua. Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha. Nilikwisha kuiona nyumba ya Thika, yenye dirisha la kioo.

Jumamosi, kazi ilipokwisha saa nane, watu walikusanywa kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Walikaa chini kati ya meza za kuanikia, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Meneja aliletewa kiti. Fundi mmoja Kalasinga, aliyekuja kutengeneza mashine ya kumenyea kahawa, alikaa juu ya sanduku lake la vyombo mlangoni pa kiwanda, akijifuta grisi mikononi.

Yule bwana alianza na nchi yake. Akachora vyumba sita ubaoni. Alisema haya ni majimbo sita, na kila moja lilikuwa na serikali yake kabla ya kuungana. Walipoungana hawakuvunja serikali zile. Walikaa wakagawana kazi: jeshi, posta na ushuru wa bandarini vikapewa baraza kubwa la nchi nzima, na kila jimbo likabaki na shule zake, polisi wake na ardhi yake. Nilipotafsiri neno ardhi watu walijisogeza mbele kidogo.

Halafu akafika kwenye baraza lenyewe, na hapo nikaanza kutoka jasho. Alisema lina nyumba mbili, ya juu na ya chini. Nikasema nyumba mbili, ya juu na ya chini, na nikaona wazi kwamba watu wanaona ghorofa. Alisema nyumba ya chini inachaguliwa kwa kuhesabu watu, jimbo lenye watu wengi linapata viti vingi. Lakini katika nyumba ya juu majimbo yote yana viti sawasawa, hata lile dogo ambalo ni kisiwa, ili wakubwa wasiwameze wadogo. Mzee mmoja akainua mkono.

"Yaani Ruiru ikiwa jimbo, itakaa sawa na Nairobi?"

Nikatafsiri. Yule bwana akafurahi mno, akapiga ubao kofi. "Sawasawa kabisa! Mwambie ameelewa kuliko watu wengi wa kwetu."

Alieleza kwamba sheria mpya husomwa mara tatu katika kila nyumba kabla ya kukubaliwa. Mimi nikasema inachunguzwa mara tatu kama kahawa, mbichi inarudishwa, na nikajiona hodari. Alieleza kwamba walioshindwa katika uchaguzi hawafungwi, bali wanakaa upande wa pili na kazi yao ni kuwauliza mawaziri maswali, na waziri lazima ajibu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Waziri anaulizwa na hakasiriki?" Watu wakacheka, lakini kwa sauti ya chini, wakimtazama meneja. Alieleza pia kwamba kila chama kina mtu wa kuhakikisha wajumbe wake wanafika kupiga kura, na mtu huyo kwa Kiingereza huitwa kiboko, yaani mjeledi. Sikujua la kufanya, nikasema, "Wana mtu anaitwa Kiboko." Wakaitikia kwa vichwa. Hilo halikuhitaji maelezo.

Mwishoni akasema, "Kuna swali lingine?"

Mama akasimama. Akakunja leso yake, akazungumza polepole, akimtazama yule bwana, si mimi.

"Mimi nauliza hivi. Hiyo nchi, kabla nyinyi hamjafika na meli, kulikuwa na watu pale. Wenyewe. Hao watu wako wapi katika hizo nyumba mbili? Wanakaa ya juu ama ya chini? Na hiyo ardhi mligawana na majimbo, nani alikuwa amewapa?"

Nakumbuka kila neno. Nimekuwa nalo miaka yote hii.

Meneja hakuwa amesikia maneno yote, lakini alisikia ardhi, akainua kichwa. Akanitazama. Mimi nikawa namwona Mama, mke wa mtu aliye kizuizini, amesimama mbele ya watu wote akiuliza habari za ardhi kwa kinywa changu. Ningeweza kusema nilimwogopea yeye, na kwa miaka mingi nilijiambia hivyo. Lakini nilichokiona kwanza, kabla ya kumwona yeye, kilikuwa ile barua ya Thika, na jinsi yule bwana mcheshi atakavyonuna, na meneja atakavyoniuliza baadaye kwa nini nimeleta maneno ya namna hiyo barazani.

Nikamgeukia yule bwana, nikasema kwa Kiingereza safi: "Anauliza, kabla Wazungu hawajafika, nchi yenu ilikuwa na wanyama gani."

Yule bwana akacheka kwa furaha ya kweli. Akafuta majimbo yake sita kwa kiganja, akachora kangaruu. Akamchora vizuri, na mtoto wake mfukoni. Akaeleza anavyoruka. Meneja naye akatabasamu, akaegemea kiti.

Watu wakautazama ubao. Walikuwa wameuliza habari za watu, wakachorewa mnyama. Nikaona uso mmoja baada ya mwingine unageuka kunitazama mimi, wakingoja. Nikasema: "Bwana anasema hao wenyeji wapo, na wanapiga kura kama wengine wote. Wamo katika nyumba zote mbili. Na huyu hapa ni mnyama wa huko, amemchora mpate kumwona."

Mama alinitazama. Kisha akasema, "Asante," akaketi.

Walipotawanyika nilikwenda bombani kunawa uso. Yule fundi Kalasinga alikuwa pale na sabuni yake.

"Karani," alisema, "ile mama hapana uliza nyama. Yeye uliza watu."

"Fundi, wewe hujui hali ilivyo."

"Mimi jua hali. Mimi zaliwa hapa." Akasugua vidole kimoja kimoja. "Kama wewe naogopa, sema mimi hapana sikia. Sema swali gumu. Lakini wewe nafanya yeye mjinga mbele ya mzungu, halafu nampa majibu ya uongo. Hiyo mara mbili."

Nilimjibu kwa hasira kwamba ashughulike na mashine yake. Nyumbani mke wangu alikuwa amechinja kuku. Aliniuliza baraza lilikwendaje, nikamwambia limekwenda vizuri sana.

Ningependa mambo yangeishia hapo, aibu yangu ikawa ya siku moja. Lakini Mama aliyachukua majibu yangu akayatumia.

Wiki chache baadaye meza ya kuandikisha wapiga kura ilifunguliwa Thika. Kura hazikuwa sawa. Mtu alipewa moja, mbili, au hata tatu, kufuatana na elimu yake, mshahara wake, mali yake na mambo kama hayo. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza waonyeshe cheti cha uaminifu, karatasi ya kuthibitisha kwamba mtu aliunga mkono Serikali. Sisi wengine hatukuulizwa karatasi hiyo. Mama aliomba ruhusa ya kwenda hospitali Thika, akapewa, na akitoka huko akapanga foleni mbele ya meza ile. Alipoulizwa cheti alisema hana, mumewe yuko kizuizini, lakini amefanya kazi shamba moja miaka mingi na ana akili zake. Karani wa pale akamwambia aondoke. Hakuondoka. Alisema, "Bwana wa Australia alitufundisha. Kwao wenyewe wa nchi wote wanapiga kura, wako nyumba zote mbili, hakuna cheti. Karani wetu ndiye alitueleza."

Wakampeleka kwa Bwana Shauri, ofisa wa wilaya. Bwana Shauri akamwandikia meneja kuuliza ni masomo gani yanafundishwa shambani mwake.

Jumatatu tuliitwa ofisini: Mama, mimi, na yule bwana wa Australia aliyekuja kutoka Thika kwa gari lake, safari hii bila kucheka. Meneja alikuwa na barua mezani. Akamwuliza yule bwana kama alisema maneno yale.

"Sikusema kitu kama hicho," alijibu, na alikuwa anasema kweli. "Mama huyu aliniuliza habari za wanyama. Nilimchorea kangaruu."

Meneja akanigeukia. "Karani. Aliuliza nini?"

Palikuwa na nzi mmoja anatembea juu ya kioo cha dirisha. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono imeshikana mbele. Nilikuwa na nafasi. Sijawahi kupata nyingine nzuri kama ile, watu wote watatu wakiwa chumba kimoja. Nikasema, "Wanyama, bwana."

"Na wewe ulimwambia wenyeji wa Australia wanapiga kura?"

"Hapana, bwana. Sikusema hivyo."

"Mwulize kama ana la kusema."

Nikamgeukia, nikaangalia mabega yake badala ya macho. "Mama, una neno la kusema?"

"Mwambie sina."

Nikamwambia meneja hana. Hilo nililitafsiri sawasawa.

Aliondolewa uongozi siku ile ile. Kazi yake akapewa mke wa homugadi mmoja, na yeye akapelekwa kuchimba mitaro ya kuzuia maji mteremkoni, kazi ya vijana. Lango la kijiji nalo likafungwa kwake, hakupewa ruhusa ya kutoka ila kwenda shambani, kwa miezi mingi. Nilikuwa nikiita jina lake asubuhi katika kundi la mitaro, na yeye aliitika kama alivyoitika siku zote. Mke wangu alisikia habari hizo kisimani. Aliniuliza, "Ni kweli alisema uongo?" Nikamjibu kwamba mambo ya ofisini hayazungumzwi nyumbani. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za ofisini, mpaka tukazeeka.

Barua yangu ilikuja kama nilivyoahidiwa. Yule bwana aliandika kwamba mimi ni kijana mwaminifu na mkalimani sahihi. Mwanzo wa mwaka 1957 tukahamia Thika, nyumba yenye dirisha la kioo kweli, ingawa upepo ukigeuka ulituletea harufu ya magome ya miti ya miwati kutoka viwanda vya dawa ya ngozi. Mwezi wa tatu nikapiga kura. Nilikuwa nimepewa kura mbili, moja kwa masomo yangu na moja kwa mshahara wangu. Nilisimama foleni na Wakamba, Waluo, Waluhya, na Wakikuyu wachache walioshika vyeti vyao mkononi ili vionekane kwa mbali. Nilipotumbukiza karatasi sikufurahi nilivyotarajia. Nilikuwa na mbili, na kuna mtu niliyemjua ambaye hakuwa na hata moja, na mshahara ulionipa ile ya pili niliupata kwa kumnyamazisha.

Ofisini kwetu zililetwa taarifa za Baraza la Kutunga Sheria, vitabu vyembamba vilivyoandikwa kila neno lililosemwa ndani. Hakuna aliyezisoma, nikaanza kuzisoma mimi saa ya chakula, na mandazi mkononi. Waafrika waliochaguliwa walikuwa wanane tu kati ya wengi, na kwa kuhesabu kura hawangeweza kushinda lolote. Lakini waliuliza. Waliuliza habari za waliozuiliwa, za ardhi, za kipande ambacho kila Mwafrika alilazimishwa kubeba. Waziri alijibu mara nyingine kwa kuzunguka, mara nyingine kwa dharau, na mara nyingine alisema hana majibu. Lakini swali lenyewe lilikuwa pale, limepigwa chapa kama lilivyotoka kinywani, na kila mwenye kusoma aliona kwamba waziri amelikwepa. Hapakuwa na mtu katikati aliyelifanya kuwa swali la wanyama. Nilikuwa nimesimama nusu saa nzima mbele ya watu nikitafsiri jinsi baraza linavyofanya kazi, nyumba ya juu, nyumba ya chini, kusoma mara tatu, na jambo hili dogo ambalo ndilo lililobeba mengine yote sikulielewa.

Jumapili moja, baada ya kanisa, nilipanda baiskeli nikaenda Ruiru. Masharti ya kijiji yalikuwa yamelegezwa kidogo. Nilimkuta Mama nje ya nyumba yake akichambua maharagwe kwenye ungo. Alinipa kigoda. Aliuliza mtoto anaendeleaje, nikasema anatembea.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayasema yote kwa mara moja: kwamba swali lake halikumfikia yule bwana, kwamba majibu yalikuwa yangu, kwamba ofisini nilisema uongo.

Hakuacha kuchambua. "Najua," alisema.

"Unajua vipi?"

"Nilikuwa yaya kwa mzungu miaka saba, huko juu Limuru, kabla sijaolewa. Kusoma sijui. Lakini nasikia. Ulisema wanyama. Nilisikia kwa masikio yangu."

Nikauliza, "Sasa kwa nini Mama ulikwenda Thika na majibu ambayo ulijua ni ya uongo?"

"Nilitaka wakubwa wayaulizie kule juu. Nilijua bwana akiulizwa atasema sivyo, halafu watakuuliza wewe mbele yake, halafu wewe utaona haya, utasema swali langu lilivyokuwa." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe. "Nilikosea hapo."

"Na ofisini? Ungeweza kusema mwenyewe, kwa Kiingereza."

"Ai! Mke wa mtu wa kizuizini, hana cheti, kumbe anasikia Kizungu? Wangeniuliza mambo gani nilisikia miaka saba nikiwa nyumbani mwa watu, na nilipelekea nani. Leo ningekuwa kwa waya, kizuizini kama yeye." Hapo ndipo aliponitazama. "Usifikiri nilinyamaza kwa sababu yako, karani. Sikukuonea huruma. Mtoto wako nilimwonea huruma, wewe hapana."

Nikasema nisamehe.

"Hiyo sijui," alisema. "Lakini kama unataka kufanya kitu, nenda kwa meneja. Mwambie kama ulivyoniambia. Mitaro inanimaliza mgongo. Nataka kurudi kwa wanawake wangu."

Nikamwahidi. Nilitoka pale nikaendesha baiskeli moja kwa moja mpaka lango la shamba. Ilikuwa saa nane hivi. Gari la meneja lilikuwa kivulini, na nilimwona yeye mwenyewe kwenye baraza ya nyumba yake, miguu juu ya ukuta mdogo, anasoma gazeti. Askari wa lango alinikumbuka, akafungua. Nikamwambia nimepita tu kumsalimu. Tukazungumza habari za mvua, nikageuza baiskeli.

Nilichofanya badala yake ni kuandika barua. Yule bwana alikuwa amerudi kwao, na ofisini tulikuwa na anwani yake. Nilimwandikia kurasa tatu. Niliandika swali la Mama kama alivyolisema, nikaeleza nilivyoligeuza. Nilijiona shujaa nilipokuwa naibandika stempu, lakini mtu aliyekuwa mbali ng'ambo ya bahari hakuweza kunifukuza kazi. Kutembea kutoka lango lile mpaka baraza lile zilikuwa hatua sitini, na ndizo zilizonishinda.

Majibu yalichukua miezi minne. Nikaenda nayo Ruiru, nikamkuta ndiyo kwanza anarudi kutoka mitaroni, matope mpaka magotini. Nikamsomea, nikitafsiri mstari kwa mstari. Yule bwana alisema barua yangu ilimkosesha raha. Alisema wenyeji wa nchi yake wako, na katika majimbo mengine wanaruhusiwa kupiga kura na katika mengine hawaruhusiwi, na wengi wao hawana sauti katika nyumba yoyote, ya juu wala ya chini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi katika baraza kubwa. Kuhusu ardhi alisema hawakupewa na mtu, waliichukua. Alisema amekua karibu na watu hao, akasomea utawala chuoni, akazunguka akifundisha mambo hayo, na hajawahi kujiuliza swali hilo wala kuulizwa. Alimwomba Mama radhi kwa aliyoyasema ofisini.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Waliichukua," alisema. "Angalau ameandika." Kisha akauliza, "Imekwisha?"

Haikuwa imekwisha. Palikuwa na mstari mmoja chini ya sahihi. Yule bwana alikuwa ameuliza: Meneja umeshamweleza, au ungependa nimwandikie mimi?

"Imekwisha, Mama," nikasema, nikaikunja.

"Na wewe kwa meneja ulienda?"

"Bado."

"Haya," alisema, akaingia ndani kunawa miguu.

Sikulijibu swali lile la chini ya sahihi. Kwa wiki kadhaa nilijiambia nalifikiria, halafu nikaacha hata kujiambia. Mama alichimba mitaro mpaka mumewe alipoachiliwa mwaka 1959, wakaondoka wakaenda kulima kipande chao cha ardhi kwao. Meneja akahamia shamba jingine mwaka uo huo. Baadaye nilipanda cheo, na watu wengi wamenisifu kwa kutafsiri vizuri. Kila mara waliponisifu niliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.